Taa za Kerende ya Juu

Weisiko, uliniomba niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Mumeo Mwita akadakia kwamba niandike kwa kifupi. Nitajaribu kumridhisha mmoja wenu. Ninyi wawili ndio mlioshika taa baada yangu, na kama kuna mwingine atakayesoma, basi ajue kwamba mimi ni Ghati, mzaliwa wa Kenyamonta, na kwamba kwa miaka arobaini na kitu kazi yangu ilikuwa kuwasha taa mwezini. Vyeo sitavitaja. Kilikuwa kimoja tu, nacho nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alikufa.

Lazima nianze na dhahabu, maana bila dhahabu hakuna mtu wa Mara ambaye angepanda kule kutafuta mandhari. Dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imekwisha zamani, kabla ya bibi wa bibi yangu. Shimo kubwa lilijaa maji na viboko wakahamia. Iliposikika kwamba mwezini kuna mshipa mnene kuliko ule wa zamani, watu wetu hawakushangaa. Walisema, kumbe ilikimbilia huko. Ikawa rashi, kila mtu akikimbilia dhahabu. Kamba ikafungwa pale Nyakunguru, juu ya shimo la kale, na watu wakapanda kwa kikapu: Wakurya, Waikoma, Wajaluo, mafundi wa Mugumu, hata wachuuzi wa Sirari na Kiswahili chao cha ng'ambo. Namna kamba ile ilivyofanya kazi siwezi kuieleza. Sikuwa wa idara hiyo. Najua kwamba safari ilikuwa siku tisa, na kwamba kikapu kilikwenda chenyewe.

Wakati huo watu duniani walikuwa wameshaanza kupungua. Haikuwa vita wala tauni. Watoto walizaliwa wachache tu, kila mwaka wachache kidogo kuliko mwaka uliopita. Sisi Wakurya tunajua kukimbilia yowe. Likipigwa, mtu anaacha tonge mkononi na kuchukua rungu. Hili halikuwa na yowe. Shule ya Kenyamonta iliunganisha madarasa mawili, kisha matatu, na mwalimu akasema ni vizuri, watoto watasaidiana. Wazee waliahirisha mwaka wa jando kwa kuwa vijana hawakutosha kuitwa rika. Wakaahirisha tena. Mwisho walipitisha rika la vijana wanne, na wale wanne wakaambiwa waimbe kwa sauti kubwa ili wasikike wengi.

Mimi niliondoka nikiwa na miaka ishirini, rashi ikiwa inaelekea ukingoni, jambo ambalo mtu halijui mpaka limepita. Mama alikuwa ameshafariki. Nilimwacha mdogo wangu Nyangi, ambaye alinisindikiza mpaka Nyakunguru na kusimama mbali na kamba, kwa kuwa aliogopa urefu kiasi kwamba hata kupanda ngazi ya dari ilikuwa shida.

"Dada, utarudi lini?"

"Nitakuwa naziangalia taa za nyumbani. Nikiona zimepungua, nitashuka. Siwezi kukuacha kwenye giza."

"Na mimi nitaziangalia za kwenu. Zikipungua nakuja kukutoa."

"Utapanda na huo woga wako?"

"Nitafumba macho," akasema, na hakutabasamu.

Hayo yalikuwa maagano yetu. Hayakuwa maneno ya kuagana tu. Mwezi unapokuwa mchanga, kwenye ile sehemu yake yenye giza, mtu akiwa Kenyamonta aliweza kuziona taa za mji wetu, kama unga uliomwagika sakafuni. Na sisi huko juu tulikuwa na darubini.

Nilifika nimetapika mara tano. Aliyenipokea alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kitambaa, Fundi Idi, mfua mabati wa Mugumu. Ukoo wake ulitoka pwani zamani sana, wakauza vitambaa na kuunda taa pale Mugumu kizazi baada ya kizazi. Yeye mwenyewe bahari hakuwahi kuiona, na Kikurya chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Marwa, wa Kenyamonta. Mama yangu alikuwa mfinyanzi."

"Basi mikono unayo. Umetapika?"

"Mara tano."

"Mimi nane. Twende kazini."

Mji ulikuwa unaitwa Kerende ya Juu, kwa sababu waliotangulia walitoka Kerende na hawakuwa watu wa kuhangaika kutafuta jina. Nyumba zilichimbwa ndani ya mwamba kando ya njia za mgodi. Kila moja ilikuwa na mlango wa ndani, na dirisha moja la kioo kinene linalotazama nje, na taa ilikaa dirishani ili wachimbaji waliotoka nje wapate njia ya kurudi. Kule mchana ni wiki mbili na usiku ni wiki mbili. Mchana tulisafisha na kutengeneza. Giza likiingia tuliwasha. Taa zilikuwa mia mbili na kumi na mbili zilipotimia zote, na huo ndio mzunguko mliourithi.

Somo la kwanza ninyi mnalijua, lakini hamjui lilikotoka. Fundi Idi alinisimamisha mbele ya mlango wa kwanza akaniambia, "Piga hodi mara tatu. Hesabu mpaka kumi. Ndipo uingie." Nikamuuliza, hata kama najua wenyewe wako shimoni? Akanisimulia kwamba siku moja aliingia bila hodi, akijua nyumba ni tupu, akamkuta mwenyekiti wa kijiji ndani ya karai amejipaka sabuni usoni. Mwenyekiti hakumsalimia kwa miaka miwili. Tulipokuwa tumeshafika mlango wa kumi hivi akaongeza, bila kucheka, "Halafu nyumba isiyopigiwa hodi inajisahau. Inarudi kuwa pango."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Koleo, waya, khanga iliyochakaa ya kupangusia kioo kwa ndani, na brashi ya mkia wa ng'ombe ya kufagilia kioo kwa nje. Kampuni ya mgodi ilileta brashi nzuri za kiwandani, lakini vumbi la mwezi lilizipenda mno, likakaa humo humo. Vumbi lile linanuka baruti na linanata kuliko utomvu. Mkia wa fahali mweusi wa Kenyamonta ulinidumu miaka kumi na mmoja. Ngazi tuliibeba kwa heshima tu, maana kule mtu anaruka na kufika anakotaka. Fundi Idi alisema fundi asiye na ngazi anaonekana mwizi.

Sasa nieleze nyumba za tegesha. Ninyi mnalitumia neno hili kama jina la mtaa wa magharibi, ila lina asili yake. Enzi za dhahabu ya chini, mgodi ukitaka kujipanua, watu walijenga vibanda haraka haraka kwenye eneo hilo na kuchomeka miche ya migomba, ili mthamini akija akute makazi na wenyewe wapate fidia. Nyumba ya kuonwa, si ya kulala. Huko ndiko kutegesha. Basi watu wetu walipopanda mwezini walibeba mbegu, ngozi za ng'ombe, na tegesha. Uvumi ulipokuja kwamba mgodi utaelekea magharibi, walichimba nyumba tisini kwa miezi miwili, kila moja na dirisha lake na taa yake. Mthamini hakuja. Mshipa uliisha kwanza, kampuni ikafungasha, na zile nyumba zikabaki zinamngoja.

Fundi Idi alinifundisha kuitambua nyumba ya tegesha bila kuuliza mtu. Usitazame vumbi, alisema, vumbi linadanganya. Tazama ukuta nyuma ya benchi. Mahali watu wanapokaa, vichwa huegemea, na baada ya miaka ukuta unakuwa na doa la mafuta. Nyumba yenye watu sita ina madoa sita, na la mtoto liko chini. Hakuna anayeweza kulighushi doa la kichwa. Labda hakuna anayekumbuka kulighushi.

Baada ya kampuni kuondoka, kikapu kiliendelea kuja mara moja kwa mwaka. Kilishuka na watu na kupanda na magunia ya unga wa udaga, muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Walioshuka walisema wataandika. Waliobaki tulikuwa wazee, na sisi tuliowapenda wale wazee, na wachache waliokuwa na hakika kwamba mshipa utaonekana tena mita mbili mbele. Fundi Idi, mtu wa kubana matumizi, aliacha kuwasha mtaa wa magharibi kwa kuwa haukuwa na mtu hata mmoja. Mwaka uliofuata kikapu kikaleta barua ya Nyangi. Ilianza kama barua zote: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Halafu akaandika kwamba ameona giza upande mmoja wa mji wetu, na kwamba ameanza kujizoesha kupanda ngazi ya dari, hatua tatu kwa siku.

Nilimsomea Fundi Idi. Aliendelea kufuta koleo.

"Mdogo wako akipanda kwenye kile kikapu atakufa kwa woga njiani," akasema.

"Atakuja tu. Namjua."

"Na akifika atakuta nini? Wazee na mwangwi." Akachukua ngazi. "Haya. Tukawashe tegesha."

Ndivyo ilivyoanza. Hatukuona kwamba tunasema uongo. Tuliona tunawasha taa, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Lakini Fundi Idi, akiwa fundi, hakutaka kuifanya vibaya. Alinikataza kuwasha kwa mstari. "Watu hawawashi kwa mstari. Washa hii, ruka tatu, rudi nyuma. Ile iache ichelewe, huyo ni mama ananyonyesha. Ile izimike mapema, huyo ni mlevi. Hizi mbili zizime pamoja, hao wamegombana na jirani." Tulizunguka hivyo kwa wiki mbili kila giza, tukiwagombanisha na kuwapatanisha majirani ambao hawakuwahi kuwapo. Nilikuja kuwafahamu wote. Yule mlevi wa nyumba ya mia na nne alinichosha sana.

Kesi ngumu zilikuwa zile za nyumba zenye watu. Mzee Nyamhanga alipofiwa na mkewe alizima taa yake na kusema isiwashwe tena, giza ndilo matanga yake. Ilikuwa haki yake. Lakini dirisha lake lilikuwa katikati kabisa, na chini lingeonekana. Nilikwenda kwake mara nne na kupiga hodi, naye mara zote nne akasema "Sikai vizuri leo." Mara ya tano nikakaa naye gizani. Alipochoka na mimi akasema, "Mwanangu, iwashe, lakini usiniambie ni kwa ajili ya nani." Niliwasha, nikaondoka. Nyuma ya benchi lake kulikuwa na madoa mawili, na moja lilikuwa tayari linaanza kufifia, au niliona hivyo.

Fundi Idi alikufa akiwa na brashi mkononi, jambo ambalo angelisifu kama lingemtokea mwingine. Tulimzika sisi tuliokuwapo. Mmoja wetu aliuliza kibla kiko wapi, na tukagundua kwamba kule si tatizo: dunia yote iko upande mmoja na haiondoki angani. Tulimlaza ameielekea. Mimi si Mwislamu, lakini nilisoma kile kidogo alichokuwa akisoma kila tunapomaliza mzunguko, na niliumia kuliko nilivyoumia kwa baba yangu mzazi. Siku iliyofuata niliwasha taa mia mbili na kumi na mbili peke yangu, nikiwa nimechelewa kila nyumba.

Weisiko, ulizaliwa wewe, kisha akazaliwa Mwita, na baada ya Mwita hakuzaliwa mwingine. Mlikua pamoja kama mnavyojua, mkaoana kwa sababu mlipendana, ingawa sitaficha kwamba uchaguzi haukuwa mpana. Ulipoanza kazi, Mwita, nilikupa magharibi, mtaa wa tegesha, kwa kuwa miguu yako ilikuwa mipya. Nyumba tisini. Ulipiga hodi tatu kila mlango, ukahesabu mpaka kumi, ukaingia. Sikumbuki ukiruka hata moja, na wala hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Katika miaka hiyo yote nilikuwa natazama nyumbani kwa darubini. Nilihesabu taa za ule mgongo wa kilima cha Kenyamonta kila mwezi. Kwanza zilikuwa kumi na tano, zikasimama hapo kwa muda, kisha zikaanza kuongezeka. Ishirini. Thelathini. Zikafika arobaini na sita. Barua za Nyangi zilisema mambo ni mazuri, hofu ni kwangu niliye mbali. Zangu zilisema tumechagua kamati ya maji. Niliona pia kwamba taa zake ziliwaka kwa mstari, kutoka juu ya kilima kwenda mtoni, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mimi, niliyefundishwa na Fundi Idi, niliona hilo kwa miaka ishirini, na nikajisemea kwamba kumbe nyumbani siku hizi kuna umeme wa mitaa, wanawasha kwa utaratibu. Magunia ya unga nayo yalipungua, tukashukuru kwamba hayaharibiki, maana walaji hatukuwapo. Mkitaka kujifunza kitu kimoja kutoka kwenye maandishi haya, jifunzeni hapo.

Magoti yakanishinda. Nilitaka hospitali, na kwa taa arobaini na sita nilijua Kenyamonta haikosi hospitali. Wengine wote tulikuwa tumewazika, tumebaki watatu. Niliwaambia mje pamoja nami. Wewe Mwita ukasema, "Mama Ghati, huko kwenye watu wengi hivyo sisi tutakuwa nani? Mji ule hauhitaji watu wengine wawili." Weisiko ukatazama chini, nikajua unawaza hivyo hivyo. Nikawaachia mkia wa ng'ombe na ngazi, nikaingia kwenye kikapu.

Pale Nyakunguru nilitarajia umati, angalau wauza maandazi. Nilimkuta mtu mmoja, Chacha, mzee wa rika langu, amekaa kwenye mkokoteni wa ng'ombe akisubiri barua kama alivyofanya kila mwaka. Uzito wa dunia ulinilaza chini. Alinibeba na kuniweka juu ya majani makavu.

"Watu wako wapi?" nikamuuliza.

"Wapo nyumbani."

"Wote?"

"Wote," akasema, na kuwachapa ng'ombe.

Tulivuka daraja la Mara, tukalala njiani, na siku ya pili jua likizama tukafika chini ya kilima. Taa zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwaka. Moja, mbili, tatu, kwa mstari. Nilimwomba Chacha anishushe kwenye nyumba ya kwanza, nikamsalimie mwenyewe, maana sikutaka kuonekana mwenye maringo niliyetoka juu. Nikajikongoja kwa fimbo. Nikapiga hodi mara tatu, nikahesabu mpaka kumi, nikaingia.

Taa ilikuwa inawaka vizuri. Sakafu imefagiliwa, benchi limepangwa ukutani. Niliutazama ukuta nyuma ya benchi. Ulikuwa safi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Nilikwenda nyumba ya pili. Safi. Ya tatu, safi. Kwenye ya nne nilimkuta mwanamke mzee juu ya ngazi, mguu mmoja unatetemeka, anafunga taa kwenye ndoano ya dirisha. Alikuwa amefumba macho.

"Nyangi."

"Ngoja nimalize hii," akasema bila kugeuka. "Ukinisemesha nitaanguka."

Nilingoja. Akashuka hatua moja moja, akafumbua macho, akanitazama.

"Umetegesha," nikamwambia.

"Nimetegesha, dada."

"Watu mko wangapi?"

"Mimi, Chacha, Mama Robi kule mtoni, na wazee wawili Wanata. Watano. Na wewe."

"Tangu lini?"

"Nilianza na chache. Mwaka ulipoandika kwamba mmechagua kamati ya maji, nikazidisha. Nikasema, mtu mwenye kamati ya maji, ukimwita arudi, arudie nini?"

"Hakukuwa na kamati."

"Hata wajumbe watatu?"

"Watatu ndio tulikuwa mji mzima."

Tulicheka kwanza, sitaki mdhani tulianza na machozi. Machozi yalikuja tulipokaa kula, na yangu yalikuwa ya hasira. Miaka ishirini tungeweza kula meza moja. Kila mmoja alimwekea mwenzake taa ili asisumbuke, na kila mmoja akakaa peke yake kwenye nuru. Nikamuuliza kama hakuwahi kushuku. "Nishuku nini?" akasema. "Taa za kwenu hazikuwa na mpango hata kidogo. Hii inawaka, ile inazimika. Nikasema hao ndio watu hasa." Fundi Idi angefurahi sana kusikia, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia.

Halafu akaniuliza nimemwacha nani juu. Nikamwambia, Mwita na Weisiko, na wanawasha taa mia mbili na kumi na mbili.

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

Aliweka tonge chini na hakulichukua tena.

Asubuhi tulikubaliana kuzima. Chacha alipinga. Alisema wale vijana wakiona giza watadhani tumekufa wote, wakate tamaa huko waliko. Nikamwambia, wale hawashuki kwa sababu wanadhani tuko wengi. Hakuna mtu anayeona anahitajika mahali penye taa arobaini na sita. Tulibishana mpaka uji ukapoa. Mwisho tulizima zote isipokuwa zenye watu: ya Nyangi na mimi, ya Chacha, ya Mama Robi, na ya wale wazee wawili. Nne. Nilitaka barua iende pia, lakini kikapu kilikuwa kimeshapanda kitupu na kukaa huko juu.

Sikulala vizuri mwezi ule. Nimezoea kuandika mambo haya kwa utulivu, lakini niliogopa. Niliogopa kwamba mngeona taa nne na kufanya tulichofanya sisi, yaani kuongeza zenu.

Mwezi mchanga ulipotoka, jua likiwa limetua tu, tulikaa nje wale watano na mimi wa sita. Ule unga wa taa zenu ulikuwa palepale, umetawanyika vizuri, na yule mlevi wa nyumba ya mia na nne alizima mapema kama kawaida yake. Jioni ya pili hivyo hivyo. Jioni ya tatu, Nyangi alinishika mkono. Ukingo wa magharibi ulikuwa unazimika. Hukuruka, Mwita. Hukurudi nyuma, hukumchelewesha mama yeyote anayenyonyesha. Ulizima kwa mstari, mlango kwa mlango, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mimi nilikuwa nahesabu kumi kila nyumba na kila nyumba nilikuwa sahihi. Mwezi ukazama kabla hujamaliza. Kesho yake taa ilikuwa moja.

"Hiyo ni yao?" Nyangi akauliza.

"Hiyo ni yao."

Mwezi uliofuata haikuwapo. Chacha alikwenda kuwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Upande wenu wa mlango mnaujua. Huu ndio upande wetu. Tulisikia magurudumu yakisimama, na Chacha akienda kuwafungua ng'ombe. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka. Kisha hodi, mara tatu, kwa ile sauti yako ya kazini, Mwita. Tukaitikia sote wawili kwa pamoja, "Karibu!" Hamkuingia. Nyangi akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, "Karibuni!" Kimya. Nilidhani mmeanguka kwa uzito, nikajivuta kwa fimbo nikafungua. Weisiko ulikuwa umeegemea ukuta. Wewe Mwita ulikuwa umesimama umeinua mkono, midomo ikihesabu, ikiwa kwenye nne au tano, machozi yanakutiririka, hujui mtu aliyeitikiwa hufanya nini.

Ikabidi Nyangi aje mpaka mlangoni na mwiko wake mkononi. "Ingia, mura," akasema. "Ingieni wote wawili. Humu mna watu."